Ahadi ya Jina: Maandishi ya Mnara wa Askari na Historia ya Kiswahili katika Barabara ya Kenyatta, Nairobi

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili aghalabu hutafutwa katika miswada ya tenzi, kamusi za wamisionari, magazeti ya kale na vinywani mwa wazee. Ni nadra kutafutwa barabarani. Hata hivyo miji ya Afrika ya Mashariki ina maandishi mengi yaliyochongwa au kusubiwa mahali pa wazi, ambayo kila mtu anaweza kuyafikia bila ya kibali cha maktaba wala cha nyaraka za serikali, na ambayo kwa sababu hiyo hiyo hayasomwi na mtu. Kilicho wazi mno huzoeleka, na kilichozoeleka hakitazamwi.

Makala haya yanachunguza maandishi ya namna hiyo yaliyoko katikati ya mji wa Nairobi, kwenye mnara unaosimama katika Barabara ya Kenyatta. Mnara huo uliwekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliotumika na kufa katika Vita Kuu vya 1914–1918. Maandishi yake yanatoa ahadi: kwamba mtu akifa kwa kuipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini juu ya mnara huo hapana jina la askari hata mmoja, wala la mpagazi hata mmoja. Hoja ya makala haya ni kwamba jiwe halikuitimiza ahadi liliyoitoa, na kwamba kiasi kidogo cha ahadi hiyo kilichotimizwa kilitimizwa na lugha: kwa hati ambayo wasomaji wake wamepungua, na kwa jina moja la mtaa ambalo watu hulitaja kila siku bila ya kukumbuka lilikotoka.

2. Mnara na mahali pake

Barabara ya Kenyatta ni mojawapo ya njia pana zaidi za katikati ya Nairobi. Wakati wa ukoloni ilijulikana kwa jina la Delamere, mlowezi mashuhuri, ambaye sanamu yake ilisimama hapo hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Sanamu hiyo iliondolewa, na barabara ikapewa jina jipya. Mnara wa askari haukuondolewa. Wananchi hawakuwa na sababu ya kuuchukia, kwa kuwa waliochongwa pale walikuwa watu wao.

Mnara wenyewe ni wanaume watatu wa shaba, wakubwa na wakakamavu: askari wa jeshi la King's African Rifles, mwenye bunduki wa Kiarabu, na mpagazi. Mchongaji wao alikuwa James Alexander Stevenson, aliyezoea kutia sahihi kazi zake kwa jina la Myrander. Ni yeye aliyetengeneza pia sanamu ya askari mmoja wa Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927 penye njia panda ya ile iliyokuwa Acacia Avenue, ambayo leo ni Mtaa wa Samora. Mombasa nako uliwekwa mnara wa aina hiyo. Minara yote mitatu ilikuwa kazi ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Kiingereza, nayo yote ilipewa maneno yale yale.

Mfano wa Dar es Salaam wafaa kutajwa hapa kwa sababu unaonyesha jinsi mahali pa wazi palivyogombaniwa na watawala. Kabla ya askari yule wa shaba, Wajerumani walikuwa wamesimamisha katika mji huo, mwaka 1909, sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Waingereza walipouteka mji waliing'oa na kuipeleka Uingereza. Baadaye ilirudishwa kwa Wajerumani, ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922 mbele ya chuo kikuu, na huko ikaangushwa na wanafunzi mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Kwa hiyo askari wa Dar es Salaam alichukua nafasi ya gavana. Lakini maneno yaliyoandikwa chini yake yalisema kwamba walikufa kwa ajili ya mfalme wao, yaani mfalme wa Uingereza, katika mji ambao wengi wa askari wake walikuwa wamepigana upande wa Wajerumani. Wana wao hao nao walipita pale, na maneno yale hayakuwahusu baba zao.

3. Maneno na ahadi

Maneno ya mnara yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza aliyekuwa mshauri wa Tume katika mambo ya maandishi. Yametaja makundi matatu: wanajeshi wenyeji waliopigana, wapagazi, ambao wameitwa miguu na mikono ya jeshi, na watu wengine wote waliotumika na kufa katika Afrika ya Mashariki. Kisha yanafuata maneno ya ahadi kuhusu jina.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa katika maneno hayo. La kwanza ni kwamba mpagazi ametajwa waziwazi, jambo ambalo si dogo. Katika taarifa nyingi za vita hivyo, mpagazi huhesabiwa pamoja na vyombo na chakula. Hapa amehesabiwa pamoja na watu. Lakini tamathali yenyewe ina kasoro yake. Miguu na mikono ni viungo vya mwili ambao kichwa chake kiko kwingine. Anayeitwa mguu amesifiwa kwa kazi yake, ila hakuulizwa aendako.

La pili ni umoja wa nafsi inayoambiwa. Maneno ya mwanzo ni ya wingi: wanajeshi, wapagazi, watu wote. Maneno ya ahadi ni ya umoja: ukifa wewe, litakumbukwa jina lako. Kwa masikio ya Mswahili, jina si neno jepesi. Mtu hutambulishwa kuwa fulani bin fulani; jina lake limeshikana na la baba yake, na mwanawe ndiye atakayelibeba baada yake. Methali husema kwamba jina jema hung'ara gizani. Ahadi ya mnara, basi, iliingia vizuri katika fikira za watu walioandikiwa. Kilichokosekana ni majina yenyewe.

Kukosekana huko hakukutokana na desturi ya Tume. Tangu ilipoundwa mwaka 1917, Tume hiyo ilishikilia kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya kaburi au juu ya ukuta, bila ya kubagua cheo wala asili. Kipling mwenyewe aliujua uzito wa jambo hilo. Mwanawe wa kiume, John, alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na hadi baba alipofariki maiti ya mwana haikutambulikana. Jina lake, hata hivyo, liliandikwa. Baba huyo huyo ndiye aliyewatungia wapagazi wa Afrika ya Mashariki maneno yanayoahidi jina na yasiyotaja jina.

Hatua chache kutoka kwenye mnara, katika barabara hiyo hiyo, upo mnara mwingine ambao nao hausomwi sana. Huo ni wa Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki, aliyefariki mwaka 1937. Anakumbukwa kwa kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926, na mnara wake umeandikwa umbali wa kufika miji mbalimbali. Mtu mmoja aliyesafiri kwa gari ameandikwa jina lake. Maelfu waliotembea kwa miguu kutoka Voi na Kilimanjaro hadi Rufiji na kupita, hali wana mizigo vichwani, hawakuandikwa. Minara hiyo miwili haikuwekwa ili ilinganishwe, lakini anayeisoma yote miwili hawezi kuacha kuilinganisha.

4. Hati mbili katika mwaka mmoja

Jambo ambalo wanafunzi wa lugha wangepaswa kulitazama kwa makini zaidi ni namna maneno hayo yalivyoandikwa. Pamoja na Kiingereza na Kiswahili cha herufi za Kirumi, yapo maandishi ya herufi za Kiarabu. Vitabu vya kuwaongoza wageni huandika mara kwa mara kwamba mnara una maandishi ya "Kiarabu", na kuishia hapo. Maelezo hayo yanachanganya lugha na hati. Kwa mnara wa Dar es Salaam, maandishi hayo ni Kiswahili kitupu kilichovaa herufi za Kiarabu, kama kilivyozivaa kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kufika pwani.

Yafaa ikumbukwe kwamba barua za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 18, zilizohifadhiwa huko Goa, zimeandikwa kwa hati hiyo, na kadhalika tenzi za kale zinazojulikana. Herufi za Kirumi ziliingia kwa nguvu baada ya Ludwig Krapf kuwasili Mombasa mwaka 1844, zikaenezwa na shule za misheni, na baadaye zikachukuliwa na serikali za kikoloni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa la herufi za Kirumi. Kwa hiyo minara ya 1927 na 1928 ilisimamishwa wakati hati moja ilikuwa ikipanda na nyingine ikiteremka.

Mwaka wenyewe una maana. Mnamo 1928, mwaka uliowekwa mnara wa Nairobi, ulifanyika Mombasa mkutano uliokata shauri kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, ilhali wenyeji wa mji huo ni wasemaji wa Kimvita. Kutokana na mashauri hayo iliundwa, mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo kazi yake yote ilikuwa ya herufi za Kirumi. Hati ya Kiarabu haikupigwa marufuku na mtu. Iliachwa tu nje ya mlango wa shule. Mnara ni mojawapo ya mahali pa mwisho ambapo serikali ya kikoloni ilizitambua hati zote mbili hadharani, bega kwa bega, na kukiri kwamba wako raia wazima ambao kusoma kwao ni kwa herufi za Kiarabu.

Hiyo haina maana kwamba hati ya Kiarabu ilikuwa imekufa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa karatasi yake Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah. Yeye, kama Mwalimu Sikujua kabla yake na Sheikh Yahya Ali Omar baada yake, alishughulika na kuirekebisha hati hiyo ifae sauti za Kiswahili. Tatizo lilikuwa la kweli. Alama za irabu za Kiarabu ni tatu, na irabu za Kiswahili ni tano. Kwa mtindo wa zamani, b na p zingeweza kuandikwa kwa herufi moja. G iliazima herufi ya gh. Na nazali inayotangulia konsonanti nyingine aghalabu haikuandikwa kabisa. Kwa mtindo huo neno kumbuka huweza kuonekana kama "kubuka", na neno mpagazi kama "baghazi". Msomaji alilazimika kulijua neno kabla ya kulisoma. Hati ilimpa mifupa. Nyama aliitia mwenyewe kutokana na lugha aliyozaliwa nayo.

Namna hiyo ya kusoma haiwezi kuhifadhiwa na shaba. Maandishi ya Kirumi mtu anaweza kuyatamka hata kama hayaelewi vizuri. Maandishi ya Kiswahili kwa hati ya zamani, wasomaji wakitoweka, hubaki michoro. Wapo bado wanaoyasoma, hasa katika miji ya pwani na miongoni mwa waliopita vyuo vya Kurani, lakini mpita njia wa kawaida wa Nairobi hayasomi. Kwa hiyo ule upande wa mnara uliokusudiwa hasa kwa Mswahili wa zamani ndio uliofungika zaidi kwa wajukuu wake.

5. Mpagazi ni nani

Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi ambayo reli zake zilikuwa chache na barabara za magari karibu hazikuwapo. Farasi, nyumbu na punda waliletwa wakafa kwa maelfu kwa ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na bega la mwanadamu. Chakula, risasi, dawa, hema, hata vipande vya mizinga, vilibebwa na watu. Kadiri jeshi lilivyosonga mbali na reli ndivyo walivyohitajika wapagazi zaidi, kwa sababu mpagazi naye hula, na chakula chake hubebwa na mpagazi mwingine.

Katika Kenya ya wakati huo, sheria ya mwaka 1915 iliiwezesha serikali kuwachukua wanaume kwa nguvu. Kikosi cha wapagazi kilisimamiwa na Oscar Watkins, mtumishi wa serikali aliyekijua Kiswahili. Na mwaka 1917, mahitaji yalipozidi, John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya wanaume kwa wingi kutoka wilaya zote. Geoffrey Hodges, ambaye kitabu chake juu ya kikosi hicho kilitoka mwaka 1986, ameonyesha kwa urefu jinsi wengi walivyokufa si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula kibaya. Watu waliozoea viazi na ndizi walipewa unga wa mahindi ambao haukupikwa ukaiva. Watu wa nyanda za juu waliteremshwa penye joto na mbu, na wa nchi za joto wakapandishwa penye baridi. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia karibu watu milioni moja katika kazi hiyo, na kwamba waliokufa hawapungui 95,000.

Lugha ya vita hivyo ilikuwa Kiswahili kwa kiasi kikubwa. Askari wa Wajerumani waliamrishwa kwa Kiswahili, na katika jeshi la Waingereza kilizuka Kiswahili cha kambini kilichoitwa KiKAR. Maneno ya kumtaja mbebaji yalikuwa kadha, na kila moja lilikuja na historia yake. Hamali ni neno la Kiarabu, neno la bandarini na sokoni. Mchukuzi ni neno la jumla, latokana na kuchukua. Mpagazi limefungamana na kitenzi pagaa, yaani kubeba begani, nalo lilivuma katika misafara ya bara ya karne ya 19. Mpagazi wa wakati huo alikuwa mtu wa ujira na mara nyingine wa fahari, hasa miongoni mwa Wanyamwezi. Vita vilipomchukua mtu kwa nguvu na kumwita kwa jina lile lile la kale, jina halikubadilika lakini hali ilibadilika. Hiyo ndiyo sababu watu walihitaji neno jipya, na wakalipata.

6. Kariokor na Kariakoo

Neno hilo halikutungwa na kamati. Kikosi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na waliochukuliwa walilisikia jina hilo likitamkwa na maafisa, wakalitia katika vinywa vyao. Nairobi na Dar es Salaam kambi za wapagazi ziliacha majina mahali zilipokuwa: Kariokor, mtaa na soko la Nairobi, na Kariakoo, mtaa na soko kubwa la Dar es Salaam.

Tofauti ya maumbo hayo mawili ni somo dogo la fonolojia. Umbo la Dar es Salaam limefuata silabi wazi za Kiswahili barabara. Mwingereza hakutamka r ya mwisho, bali aliirefusha irabu. Mswahili akaupokea urefu huo na kuuandika kwa o mbili, na neno likapata mkazo wake penye silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno mengine ya Kiswahili. Umbo la Nairobi limebaki na r mwishoni, yaani silabi funge, jambo linaloonyesha uzito wa maandishi ya Kiingereza katika mji huo, na pengine pia mchango wa lugha nyingine za bara ambazo wasemaji wake waliishi pale. Kwa vyovyote vile, majina yote mawili ni ya chanzo kimoja na cha maumivu yale yale.

Mwenye kuambiwa "nakwenda Kariakoo" huwaza nguo, vitunguu na msongamano wa watu. Moto ulipoliunguza soko la Dar es Salaam mwezi Julai 2021, masikitiko yalikuwa ya biashara, na ilikuwa haki yawe hivyo. Hata hivyo, kila mara jina hilo linapotajwa, kikosi cha wapagazi hutajwa. Hili si kumbukumbu kwa maana kamili, kwa kuwa msemaji hajui anachokitaja; ni mfano wa mbegu iliyo ardhini. Inahitaji mwalimu wa kuifukua. Lakini ni jambo la kutiliwa maanani kwamba neno lililodumu si lile la heshima lililochongwa kwenye shaba, bali ni lile lililoharibiwa na ulimi wa watu wa kawaida hadi likawa lao.

7. Majina yaliyoandikwa na yasiyoandikwa

Huenda ikadhaniwa kwamba majina hayakuandikwa kwa sababu serikali ya wakati huo haikuwa na uwezo wa kuyaandika. Dai hilo linajibiwa na barabara yenyewe. Mbele kidogo ya mnara lipo jengo lililojengwa mwaka 1913, linalojulikana kwa jina la Nyumba ya Kipande, ambalo baadaye lilikuwa benki. Humo ndimo wanaume wa Kiafrika walimoandikishwa na kupewa kipande.

Sheria ya kuwaandikisha ilipitishwa mwaka 1915, wakati vita vikiendelea, na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920. Neno kipande, ambalo maana yake ya asili ni sehemu ya kitu, lilipata maana mpya: cheti chenye jina la mtu, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, kilichotiwa katika kikasha cha bati na kuvaliwa shingoni. Malalamiko dhidi yake yalikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigania Harry Thuku, ambaye kukamatwa kwake mwaka 1922 kulisababisha watu kupigwa risasi mjini Nairobi. Kipande cha Waafrika peke yao hakikuondolewa hadi sheria ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe.

Kwa hiyo katika miaka ile ile, katika barabara ile ile, serikali ile ile iliandika jina la kila mwanamume aliye hai ili imjue pa kumpata, na haikuandika jina la aliyekufa ili ajulikane pa kukumbukwa. Tofauti haikuwa ya uwezo, bali ya haja. Ni kweli kwamba majina mengi yaliyokuwa katika madaftari ya kikosi yaliandikwa vibaya, kwani karani alilisikia jina la Mkamba, la Mjaluo au la Mnyamwezi kwa sikio lisilozoea, na ubishi juu ya mishahara ya marehemu isiyodaiwa uliendelea kwa miaka mingi. Lakini daftari lenye makosa ni chanzo. Daftari lililoachwa bila ya kusomwa si kitu.

Sababu ya kuachwa kwao imekuja kuelezwa rasmi. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti juu ya ubaguzi uliofanywa katika kuwakumbuka wafu wa vita hivyo, na ikaomba radhi. Ripoti ilionyesha kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ilionyesha pia kwamba katika miaka ya 1920 maafisa walikubaliana kuyaacha makaburi ya wapagazi yarudi kuwa msitu, kwa hoja kwamba Mwafrika hajali alama ya kaburi. Hoja hiyo ilitolewa wakati huo huo maneno ya ahadi ya jina yalipokuwa yakitayarishwa. Kama kweli waliamini kwamba Mwafrika halijali jina la marehemu wake, hapakuwa na maana ya kumwahidi jina. Na kama waliamini kwamba analijali, hapakuwa na udhuru wa kumnyima.

Kwamba kazi hiyo yawezekana kufanywa hata baada ya miaka 100 kumeonekana Cape Town, ambako mwezi Januari 2025 ulizinduliwa ukumbusho wa watu zaidi ya 1,700 wa Afrika ya Kusini, wengi wao Waafrika weusi, waliokufa katika kazi za namna hiyo barani Afrika. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti, na juu ya nguzo jina lake.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba barabara moja ya Nairobi ina ndani yake sura nzima ya historia ya Kiswahili: mvutano wa hati mbili, safari ya maneno hamali, mchukuzi na mpagazi, kuzaliwa kwa Kariokor na Kariakoo, na kupinda kwa maana ya neno kipande. Sura hiyo haikufichwa. Imeachwa wazi kwa karibu karne moja.

Kazi zinazozikabili idara za lugha ni tatu, na hakuna hata moja inayohitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni kunakili maandishi ya minara ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, herufi kwa herufi, pamoja na yale ya hati ya Kiarabu, kabla ya hewa ya bahari na moshi wa magari kuyala zaidi, na kabla ya wazee wanaoisoma hati hiyo kwa wepesi kutuacha. Ya pili ni kuwafundisha wanafunzi wa Kiswahili hati ya Kiarabu kama sehemu ya kawaida ya masomo yao, si kama pambo la historia. Mwanafunzi anayehitimu shahada ya Kiswahili bila ya kuweza kusoma ubao ulio katikati ya mji amenyimwa kitu kilicho chake. Ya tatu ni kushirikiana na wanahistoria katika kuyasoma madaftari ya majina, kwa kuwa kulirudisha jina lililoandikwa vibaya katika umbo lake la Kikamba, Kiluhya, Kigiriama au Kinyamwezi ni kazi ya mtaalamu wa lugha, si ya karani.

Maneno ya mnara yaliwapa wana wajibu wa kukumbuka bila ya kuwapa majina ya kuyakumbuka. Wajibu huo haujaondoka kwa sababu tu aliyeutoa hakuwa mkweli. Wana wa wapagazi wapo, na lugha ya baba zao ndiyo inayofundishwa katika vyuo vya nchi hizi. Majina yakipatikana, ndiyo itakayoyataja.